Mbegu Zenye Joto la Jua

Nilipokuwa mhadhiri msaidizi wa uhandisi, utafiti wangu wa uzamivu ulikwama Misigiri, kwenye mashine ya kukamua alizeti. Kwa hesabu zangu, mbegu zilezile zikikamuliwa kwa nguvu ileile zingetoa mafuta yaleyale. Lakini kila asubuhi yalipungua kuliko ya mchana, na msimamizi wangu chuoni alishaanza kunishauri nibadilishe mada.

Siku moja mama mwenye mashine aliniona nikimimina mbegu moja kwa moja kutoka kwenye gunia.

"Mwalimu, hujazianika?"

"Zimekauka tayari, mama."

"Zimekauka, lakini zina baridi. Zianike mpaka zikuchome kiganja. Huko chuoni hawafundishi hayo?"

Wakamuaji walicheka, nami nikacheka nao. Alikuwa sahihi: mafuta yakipata joto huwa mepesi, hutiririka kwa urahisi. Mimi nilikuwa nimelisahau joto. Nikaliingiza kwenye hesabu, namba zikakubaliana na ndoo za mafuta, nikafaulu.

Nilimpelekea yule mama nakala ya tasnifu nikiwa na shukrani tele, nikamweleza ukurasa wa joto, alama za hesabu moja baada ya nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Sasa waambie na walimu wenzako waje wanunue mafuta."