Chumba cha Mbele

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na suruali zake za shule ungezijua kwa pindo. Kila mguu aliuachia kitambaa cha vidole vinne kwa ndani, hata mzazi asipoomba. "Mtoto anakua," alisema. Mwakani suruali ilirudi, akalifumua pindo, mtoto akaendelea kuivaa.

Nyumbani, lakini, alikuwa na mkono wa birika. Tulikuwa na chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, na ndani yake alirundika majora ya vitambaa aliyosema atayashona siku moja. Kaka yangu, aliyejifunza kazi kwake, alikiomba akiwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa na mchumba na cherehani kuukuu, ila hakuwa na pa kuiweka.

"Baba, naomba kile chumba nianzie kazi."

"Mimi nilipewa na nani? Nilishonea kwenye vibaraza vya watu, mvua yangu, jua langu. Vijana wa siku hizi mnataka kutafuniwa! Subiri. Nikifa si chako?"

Nami, kwa huu ulimi wangu usio na breki, nikambandika kaka jina la Bwana Mrithi. Tulicheka mezani wote isipokuwa yeye. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Kaka akaenda kiwandani. Miaka kumi na saba alishona kola, kola tupu, za mashati ambayo hakuwahi kuyaona yamekamilika. Mchumba alichoka kungoja, akaolewa kwingine. Baba akawa anawatambia wateja kwamba kijana wake amekomaa bila kubebwa.

Mwaka jana macho ya baba yaliingia ukungu, hata uzi ukawa hauingii kwenye sindano. Akatuita, akavaa koti lake la heshima, akanipa wosia niusome. Nyumba, cherehani, chumba cha mbele: vyote vya kaka. Baba akaweka ufunguo mezani, akatabasamu kama mtu anayengoja kupongezwa.

Kaka aliusogeza ufunguo ukarudi upande wa baba.

"Asante, baba. Ila mimi niliomba chumba. Sikuomba ufe."

Hakupaza sauti. Alituaga kwa adabu, akawahi zamu yake.

Baba alibaki akiupapasa ule ufunguo. Nilitaka kusema neno, na kwa mara ya kwanza ulimi wangu ukapata breki.

"Hivi mle ndani niliweka nini, mwanangu?"

"Majora, baba."

"Bado yanafaa?"

Nilikuwa nimekifungua asubuhi hiyo ili nifagie. Nondo walikuwa wameyatoboa yote, na jora nililolishika lilichanikia mkononi.

"Hayafai, baba," nikamwambia.