Zamu Isiyokabidhiwa

Usiku ule nililala na viatu miguuni. Sikuwa nimelewa, wala sikuwa na safari. Baba alikuwa ameanza tena kutoka nje bila kuaga, na mtu anayetafuta viatu gizani huwa ameshachelewa. Nilimsikia chumba cha pili akigonga ukuta kwa kidole, akisikiliza, akigonga tena. Baba ni fundi mwashi. Tangu alipoanza kuumwa anasikia watu ndani ya kuta, wanaomba wafunguliwe. Hospitali walituambia ni ugonjwa wa akili, wakatupa vidonge, na vidonge vinasaidia siku anazokubali kuvimeza. Siku asizokubali anachukua patasi yake na kuanza kuwatoa watu wake. Ukuta wa sebule yetu una mashimo mpaka nimechoka kuyaziba.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Makambako. Wenzangu wananiita Mwalimu Kimya. Wakienda ofisini kunywa chai, mimi nabaki darasani najifanya nasahihisha madaftari. "Elia anatunza sauti," wanasema, "iko siku ataipeleka mnadani." Nawaacha wacheke. Ukizoea kunywa chai na watu, mwisho watataka kujua habari za nyumbani, na nyumbani kwangu nilikuwa nimepafunga. Baba mwenyewe ndiye aliyeniomba, siku tuliyotoka hospitali. "Wasinione hivi," alisema, nami nikaitikia. Hata Shangazi Neema, mdogo wake wa tumbo moja, akipiga simu kutoka Mafinga na kusema yuko tayari kuja kukaa nasi, nilikuwa namjibu kwamba hatujambo, asijisumbue.

Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, Mwalimu Tulizo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, nikiwa darasa la kwanza. Nilikuwa nabana penseli mpaka inavunjika, naye alikuwa anakuja nyuma yangu na kunilegeza vidole kimoja kimoja. Nilipoajiriwa shule ileile nilimkuta bado yupo. Jioni alikuwa anapita kwetu, anakaa na Baba, wanazungumza habari za saruji na bei ya mbolea kama watu wote. Mwaka jana presha ikamchukua. Kaburi lake alilijenga Baba, katika wiki zake nzuri, na katika saruji ile hakusikia sauti ya mtu. Tangu hapo nikabaki peke yangu na Baba, na uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Basi nikasinzia, na viatu vyangu.

Nilijiona niko shuleni, uwanja wa mstari, Ijumaa mchana, upepo unavuma kama unavyovuma kwetu. Mkononi nimeshika nondo. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa, na inapigwa kwa kipande cha nondo. Mwalimu wa zamu anakaa na nondo hiyo wiki nzima. Ijumaa anasimama mbele ya wanafunzi, anaeleza wiki ilivyokwenda, kisha anamkabidhi mwenzake anayeshika zamu inayofuata. Mwalimu Tulizo alikuwa mkali sana kwa jambo hilo: hakuna mtoto anayetawanyika mpaka nondo imepokelewa.

Nami nimeshaeleza yote na bado nimesimama. Watoto wako mbele yangu, na nyuma yao umesimama ukuta wa sebule yetu na mashimo yake yote. Sishangai umefikaje pale. Ninachoogopa ni kwamba watoto watageuka wauone.

Mwalimu Tulizo anatokea upande wa ukuta huo, taratibu, na raba zake nyeupe na sweta la kijani alilokosea vifungo. Najua amekufa. Najua pia kwamba si adabu kumwambia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umechakaa wewe." Anaushika ukuta, anapitisha kiganja juu ya shimo moja kana kwamba anapapasa paji la mtoto mwenye homa. "Baba yako alinijengea vizuri. Upepo hauingii."

Nataka kumwambia jinsi nilivyomkosa. Nataka kumwambia kwamba kuna siku namchukia Baba, na kwamba nikimchukia nampikia uji kwa uangalifu zaidi ili asijue. Lakini yeye anauangalia mkono wangu.

"Nani anapokea zamu?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Wapo."

Nageuza macho, na kweli wapo. Walimu wenzangu wamejipanga kando, kila mmoja na kikombe chake cha chai, hawacheki. Mbele yao yuko Shangazi Neema, begi liko miguuni, amenyoosha mkono kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Naficha nondo nyuma ya mgongo.

"Bado sijamaliza," nasema. "Halafu niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Baba."

"Nenda kamuulize. Yuko mstarini."

Sasa napita katikati ya watoto, darasa la saba, la sita, nashuka. Mstari hauishi. Watoto wamechoka, midomo imepauka kwa baridi, lakini hakuna anayenung'unika, wananipisha tu. Nafika kwa wadogo kabisa wa darasa la kwanza, na hapo, katikati yao, yuko Baba. Amevaa sweta la shule, mikono ya sweta imeishia kwenye viwiko. Amesimama wima, ametazama mbele, mikono imebana mapaja, na magoti yake yanatetemeka.

"Baba, kaa chini."

Haniangalii. Anajibu kwa sauti ya mtoto anayeogopa kukosea.

"Hatujaruhusiwa, Mwalimu."

Nililia. Nasema wazi, nililia kule ndotoni kuliko nilivyolia msibani kwa mtu yeyote. Siku zote nilijua nimechoka mimi. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye kasimama muda wote huo, kwenye baridi, ananisubiri mimi.

Mwalimu Tulizo yuko nyuma yangu. Nasikia harufu ya chaki na sabuni ya mche.

"Elia, toa hiyo nondo watu wakapumzike."

Nataka kuitoa, vidole vimekataa. Vimeganda. Ananizunguka, anaushika mkono wangu kwa mkono wake wenye baridi, anaanza kulegeza kidole kimoja, anakwenda cha pili, bila haraka, kama zamani. Kidole cha mwisho kikaachia, na nondo ikaanguka kwa kishindo.

Kishindo kile kiliniamsha. Nje kulikuwa kumeshapambazuka. Nilikuwa nimekaa kitandani, shavu limelowa. Nikakimbilia sebuleni, na kwa vile nilikuwa na viatu nilifika upesi.

Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, amevaa koti lake la kazini, ameutazama ukuta. Patasi ilikuwa sakafuni karibu na mguu wake. Ukutani hapakuwa na shimo jipya.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Umelala?"

"Nimesimama."

"Usiku kucha? Kwa nini hukukaa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nikikaa nasinzia. Wale wakitoka humo ukutani, wakukute umelala peke yako?"

Niliokota patasi, nikaiweka juu ya kabati, nikarudi kusimama karibu naye. Magoti yake yalikuwa yanatetemeka.

"Baba, nataka nimwambie Shangazi Neema aje."

Huko nje jirani alikuwa anawafungulia kuku wake.

"Ataniona hivi," alisema.

"Atakuona."

"Ana kelele yule."

"Anazo, Baba."

Akashusha pumzi. Akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakipata, akakaa. Alikaa kwa uzito wa mtu aliyetoka kubeba mawe.

"Mwambie aje na sweta zito. Huku baridi." Kisha akaiona miguu yangu. "Na wewe nani alikufundisha kulala na viatu?"

Nikampigia Shangazi, nikakaa chini karibu na kiti chake, nikaanza kufungua kamba za viatu huku simu ikiita.