Mwenye Mvinyo Alitema

Asubuhi ile nilitoka Kiringye kwa sababu barabara ilikuwa wazi na mimi nilikuwa nimeamka. Sababu nyingine sina. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, katikati ya somo la hesabu, na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kutaka kujua gari hili linakwenda wapi na lile limetoka wapi. Lori la pamba lilipita likielekea ziwani, likapunguza mwendo penye shimo, nikarukia juu ya magunia. Nitalala wapi, hilo sikulifikiria mpaka nilipoyaona maji.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, lakini huko kwetu bondeni vijana walikuwa wameanza kutoweka mmoja mmoja kupanda milimani, na watu walinong'ona kwamba maasi yanakuja. Kijana asiyejulikana, mwenye vumbi la bondeni miguuni, hakuwa mgeni wa kukaribishwa. Niliposhuka Mulongwe, pale ziwani, niliuliza nyumba kadhaa kama kuna mahali pa kulala. Milango ilijibu kabla ya wenyewe, kwa kufungwa.

Kando ya mto nilimkuta mama mmoja mjane akikaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na pembeni yake ameketi shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akishona wavu. Nikamsalimia mama, nikamuuliza kama mtu anaweza kupata pa kulala.

"Kulala ni magharibi," mama akasema bila kuinua macho. "Sasa ni saa tano. Weye unakunywaka pombe?"

"Nakunywaka, mama."

"Uko mulevi?"

"Hapana, mama. Sijawahi kupata ya kutosha."

Akacheka kidogo, akaipua karai. Shemeji hakucheka. "Huyu ni wa bondeni," akasema. "Unamujua?"

"Minye natafuta ulimi, shemeji. Sitafuti mume."

Shida yake ilikuwa hivi, na aliniambia tukiwa tayari njiani. Mgiriki mmoja mwenye duka kule Nyamianda alikuwa anahama kwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa, kabla mambo hayajaharibika, naye alihitaji chombo cha kumvusha na mali yake. Mama alikuwa na mtumbwi mkubwa wa ndagala aliouacha mumewe. Mgiriki alitaka kuuchukua moja kwa moja, na badala yake ampe mama mapipa manne ya mvinyo, pamoja na glasi na chupa tupu zote. Makarani wapya waliokalia viti vya Wabelgiji walitaka mvinyo mezani, na mama aliona biashara hapo. Lakini ikiwa mvinyo umeharibika, angebaki hana mtumbwi wala mvinyo, na mtumbwi ndio uliomlisha. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, asiyeonja kileo. Kuhusu kuuza, mchungaji alikuwa bado hajalifikia somo hilo. Naye shemeji alikataa katakata kuweka pombe ya Mzungu kinywani.

Mimi mvinyo nilikuwa nimeuona kwa mbali tu, mkononi mwa padri. Wakati wa Wabelgiji sisi tuliachiwa bia, mvinyo wakaubakiza upande wao. Nilidhani ni kitu kitamu kama asali. Nilitembea haraka kuliko wote.

Mgiriki alitupokea nyuma ya duka, chumba chenye giza na ubaridi. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, akakata mkate vipande, akaweka ndoo chini. Kila kitu kilionekana cha heshima. Akafungua bomba la pipa la kwanza, akamimina kwenye glasi yenye mguu mrefu mvinyo usiozidi vidole viwili, akanipa mimi mgeni kwanza.

"Hata kipofu anaona haijafika," shemeji akasema.

Nami nilishangaa. Kwetu ukimpa mtu kinywaji kidogo hivyo, umemwambia aondoke. Lakini nilikuwa nimetumwa, nikaumeza wote kwa mkupuo mmoja. Kinywa kikanikauka kama niliyetafuna ganda la ndizi mbichi. Asali haikuwamo hata chembe. Nilikuwa bado nautafuta ulimi wangu Mgiriki alipojimiminia yeye. Aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Akaizungusha. Kisha akaingiza pua yake yote ndani, akanusa.

Hapo nilishtuka kweli. Utotoni niliwahi kunusa uji niliopewa na shangazi, na mama yangu akanizaba kofi mbele ya watu, kwa maana anayenusa chakula cha mwenyeji anamwita mwenyeji mchawi. Huyu alikuwa ananusa cha kwake mwenyewe. Alikuwa anamshuku nani?

Akapiga funda, akausukasuka mashavuni kama mtu anayesukutua asubuhi, akainama, akautema kwenye ndoo.

Kwetu, hata kasiksi, pombe ya ndizi ya kila siku, anayeileta huinywa wa kwanza mbele ya macho ya wageni, akameza, ndipo mirija ikapita kwa wengine. Ndivyo anavyowaambia kwamba hakuna sumu. Huyu alinipa mimi kwanza, nikameza. Yeye akatema.

Shemeji alikuwa ameshafika mlangoni. "Twende. Mutumbwi iko pwani, tuushike mbele hajaufikia." Kisha akanigeukia, na sauti yake ikawa ya upole kuliko kawaida, jambo lililonitisha zaidi. "Kijana, unasikia nini mu tumbo?"

"Nasikia joto."

"Njo hivi sumu inaanzaka."

Mama alinitazama midomo kama mtu anayetazama sufuria isichemke ikamwagika. Nikashika ukuta. Nilimwona akilini mama yangu akipokea habari kwamba mwanawe aliondoka bila mpango na akafa kwa mvinyo usiozidi vidole viwili.

"Iko nini?" Mgiriki akauliza. Alitutazama mmoja mmoja, glasi mkononi. "Mubaya hivyo?"

"Patroni," mama akasema, "muntu anatemaka kitu yake kizuri?"

"Inapaswa kutema, mama. Nikimeza yote, ya nne sitasikia kitu. Ulimi inalewa mbele ya kichwa. Na leo nakwenda mu maji."

"Hapa mwenye pombe anameza wa kwanza. Kama haumeze, mutumbwi wangu unabaki mu kamba."

Naona Mgiriki alishtuka kuliko sisi. Aliketi juu ya kreti. Miaka yote hiyo aliwauzia watu bia za chupa, zilizofunguliwa mbele ya macho yao, na hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kumwambia jambo hili. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi nilivyokuwa nimeshika ukuta, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba kuna mtu chumbani mle aliyekuwa anasubiri kufa.

Akajimiminia glasi nzima kutoka pipa lile lile. Akainywa yote. Akafungua kinywa, akamwonyesha mama koo, kama mgonjwa anavyomwonyesha daktari.

"Vizuri," mama akasema. "Sasa ya pili."

Kuanzia hapo tulionja kwa desturi ya kwetu: yeye anajaza, anameza, ananipa glasi ile ile. Pumzi ilinirudia, na udadisi nao ukarudi. Katikati ya glasi alinifundisha. Shika mguu wa glasi, usikumbatie tumbo lake, mkono utaupasha mvinyo joto. Tafuna mkate kabla ya pipa lingine. Na usije umetoka kula samaki. Hapo alinielekezea kidole, maana nilinuka karai la mama. Mvinyo wa pipa la pili ulikuwa mweupe, mwepesi, na nilisema unanukia kama shamba baada ya mvua. Nilidhani watanicheka. Mgiriki alitikisa kichwa kwa kukubali, kwa uzito, na mashavu yake yalikuwa yameanza kuiva.

Kutoka pipa la tatu alijaza glasi, akameza, akatulia. "Muzuri," akasema.

Nami nikanywa. Ulinichoma puani, ukanifunga koo. Nilimtazama mama, ambaye alikuwa ananitazama mimi tu. Mgiriki amesema mzuri, naye ndiye mjuzi. Mimi mvinyo nilikuwa nimeujua tangu dakika chache zilizopita. Lakini mtumbwi haukuwa wangu wa kuuchezea.

"Mama, hii ni kali vibaya. Ni kama ndimu iliyolala mu chuma."

Shemeji akapiga kofi paja lake. "Nilisema minye! Anatuuzia mubovu."

Mgiriki alichukua glasi, akanywa tena, akakunja uso, si kwa ladha bali kwa juhudi. Akainywa mara nyingine. Kisha akaiweka mezani polepole. "Sisikii kitu," akasema. "Ulimi yangu imelala. Nilikuambia, mama."

Akainusa. Muda mrefu, macho amefumba, na safari hii hakuna hata mmoja wetu aliyeona kama tusi. Alipofumbua macho alionekana kama mtu aliyefiwa.

"Siki," akasema. "Kijana ana haki. Hii imekwisha kuwa siki."

Mama aliutazama mlango. Nilifikiri anaondoka. Lakini alivuta kreti, akaketi mkabala naye. Mtu aliyekubali kumeza, kisha akakubali kwamba chake kimeharibika, huyo unaweza kufanya naye biashara. "Hiyo nayo lete," akasema. "Ndagala hazikataake siki. Ya nne hapana kumeza, patroni. Tema. Nataka usikie vizuri."

Basi pipa la nne tulionja kwa desturi ya Mgiriki, sote wawili tukiinama juu ya ndoo moja. Kutema kitu kizuri kulinitia aibu hadi masikioni. Lakini alisema kweli: nilisikia mambo kinywani ambayo kwa kumeza yangenipita. Tangu siku ile, mtu akiniambia amealikwa kuonja mvinyo mara ya kwanza, namwambia ale kwanza, aseme anachokisikia hata kama mwenye elimu amesema vingine, na asiogope ndoo. Ila kabla ya yote amuulize mwenyeji anayetema ni kwa nini.

Mapatano yakafungwa. Tatizo lililobaki ni kwamba Mgiriki alisimama, akakaa tena bila kutaka. Hakuwa wa kuendesha chombo siku hiyo. Ikabidi shemeji ampeleke Usumbura.

"Anakunywa yeye, kasia napiga minye," shemeji alilalamika akimsaidia kupanda mtumbwini. Mgiriki alimshika bega, akamwita ndugu. "Hapana kunitapikia, ndugu," shemeji akamjibu.

Mapipa tuliyasukuma kwa gari la mkono hadi Mulongwe, jua likiinama juu ya milima. Mama alifungua ghala dogo nyuma ya nyumba, mahali shemeji alipokuwa akilala, akakunja blanketi lake na kunitandikia mkeka katikati ya mapipa.

"Utalala hapa mpaka shemeji arudi. Kisha tutaona. Nahitaji muntu mwenye ulimi."

"Asante, mama."

Alikagua kila bomba kwa kidole kama limefungwa. "Minye sikunywake," akasema akiwa mlangoni. "Lakini niko na pua. Kesho asubuhi nitakunusa."