Kopo la Siagi la Ildephonse

Ildephonse Byamungu ni mtoto wa kaka yangu, na habari zake nazisema mimi kwa sababu yeye mwenyewe hasemi. Ukimwuliza hali, anakujibu "nzuri" hata nyumba ikiwa inaungua. Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, siku ya mvua ya mawe iliyoua mbuzi saba na mtoza kodi mmoja. Mbuzi ni kweli.

Akiwa na miaka tisa alichunga ng'ombe wa babu yake. Siku watu wenye bunduki walipokuja kuwachukua, alijificha kwenye migomba akawaona ng'ombe wake wote wakipita, akitaja majina yao kimoyomoyo. Baada ya hapo tuliishi kambini Nyarugusu miaka kumi na minne. Kule kila Mtanzania aliyepita na ng'ombe kando ya kambi, Ildephonse alimfuata nyuma mpaka polisi wamrudishe. Mke wake alitutoka hukohuko, akamwachia binti mmoja, Héritière. Tukaja Minnesota watatu: yeye, mtoto, na mimi bibi wa nyumba.

Kwanza alipanga maboksi kwenye ghala kule Blaine. Miaka mitatu akawa anakonda kama mtu aliyerogwa. Kisha mtu wa kanisani akamwambia kuna mzungu mwenye ng'ombe wa maziwa, kusini ya Lakeville, anatafuta wakamuaji. Tulihama mwezi huohuo. Siku ya kwanza alirudi ananuka samadi, amesimama mlangoni anacheka peke yake. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu migomba ile.

Mwenye ng'ombe anaitwa Alvin, mzee mrefu asiyependa maneno mengi. Ng'ombe wake mia nne wana namba kwenye sikio. Ildephonse aliwapa majina. Namba themanini na nane alimwita Mapendo, wa pili Sifa, wa tatu Bahati, na kuendelea. Mwenzake wa zamu ya mchana aliitwa Lenny, kijana wa hapahapa, mikono imejaa michoro ya nyoka, mdomo haufungi. Lenny ndiye aliyemfundisha Ildephonse kuendesha gari kwenye theluji, kwenye uwanja mtupu wa kanisa, wanazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Januari ile baridi ilikuwa ya kutisha. Mate ya Lenny yalianguka chini yakalia kama punje za mahindi. Ildephonse alikuja mezani na uso mzito.

"Shangazi, chuchu za Mapendo zimepasuka. Nikimfungia mashine anarusha teke."

"Na huyo mzungu hana dawa?"

"Iko ile ya iodini, tunachovya baada ya kukamua. Lakini bado zinapasuka."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikamsimulia ng'ombe wa baba yangu ambaye kiwele kilivimba kama ngoma ya harusi. Mama akampaka siagi siku saba. Siku ya nane yakatoka maziwa mengi hata tukaazima sufuria za kijiji kizima, na padri akaja na beseni lake mwenyewe. Ildephonse alisikiliza kama mtoto. Kesho yake nilitikisa maziwa aliyoruhusiwa kuleta kutoka shambani, nikatoa siagi nyeupe safi, nikaijaza kwenye kopo la kahawa.

"Kidogo kwa kidole," nikamwambia. "Na umsemeshe unapompaka."

Alimpaka Mapendo, na kweli chuchu zililainika. Tangu siku hiyo kila jioni wakati wa kula alinipa taarifa. Leo nimempaka Sifa. Leo Bahati naye ameanza kupasuka. Leo Neema. Kopo lilikaa mfuko wa koti lake mpaka Machi, na lilipopungua nililijaza.

Machi maziwa ya tangi yakaharibika. Wanaonunua maziwa wakatuma onyo. Ng'ombe kumi na wawili viwele vikawa vigumu, maziwa yana mabonge. Daktari wa mifugo akapiga sindano za penisilini, zisifue dafu. Akachukua maziwa ya kila mgonjwa kwenye vichupa, yakapelekwa maabara Saint Paul. Katikati ya hayo, Alvin akamkuta Lenny anakamua bila glavu.

"Mimi glavu sivui hata kwa mjomba wa Mungu," Ildephonse akaniambia. "Mikono ya Lenny ndiyo imetuletea hii."

Ripoti ilikuja siku ya Alhamisi. Alvin alimpa kila mkamuaji nakala yake. Héritière, ambaye anasomea uuguzi, aliifungua mezani akaanza kusoma kwa Kiingereza, haraka kama redio.

"Punguza, mama," nikasema. "Na uniletee kwa Kiswahili."

Akapumua kama anayebeba gunia. "Bibi, ng'ombe wote kumi na wawili wana bakteria moja. Si aina moja tu. Ukoo mmoja. Wamesoma herufi zote za urithi wake, zaidi ya milioni mbili, na kati ya ng'ombe na ng'ombe zinatofautiana tatu au nne tu."

"Ndiyo nini?"

"Kama wangeupata ugonjwa kwenye matope au matandiko, kila ng'ombe angekuwa na bakteria ya ukoo wake. Hii imebebwa. Kuna kitu kinaitoa kwa mmoja kinaipeleka kwa mwingine. Na ina jeni ya kuvunja penisilini, ndiyo maana sindano hazikusaidia."

"Si nilisema?" Ildephonse akagonga meza. "Lenny! Jumatatu anafukuzwa."

Héritière akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na mchoro wa matawi. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, lakini ukoo naujua. Nimepanga koo za watu kwenye mahari mpaka waliosoma wakaniomba nirudie. Nikamwambia anionyeshe nani bibi na nani wajukuu. Akaweka kidole chini kabisa: themanini na nane. Juu yake herufi moja imebadilika: tisini na moja. Kisha mia na arobaini. Ildephonse akawa anatafsiri namba kuwa majina bila kufikiri: "Mapendo. Sifa. Bahati. Neema…"

Nilijua tawi linalofuata kabla hajalitaja. Ni mpangilio uleule niliousikia mezani msimu mzima wa baridi. Ugonjwa ulikuwa ndani ya Mapendo, ukapanda kwenye kidole, ukaingia kwenye kopo, na kila aliyepakwa baada yake alipata sehemu yake. Glavu ilikuwepo. Kidole cha glavu ndicho kilichokuwa kinachovya.

Nikasema naumwa kichwa, nikaondoka mezani.

Ijumaa, Ildephonse akiwa bafuni, nilitoa kopo kwenye koti lake nikasimama nalo juu ya pipa la taka. Nani angejua? Mwanangu angebaki na ng'ombe wake. Lenny angepata kazi nyingine, bado kijana. Nilipiga hesabu hiyo mara tatu na kila mara nikamwona Lenny kwenye ule uwanja wa kanisa, amekaa kiti cha pembeni, ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anacheka. Nikalirudisha kopo.

Jumamosi nilisonga bugali, nikamwekea na samaki, nikamngoja ale nusu.

"Ildephonse. Si Lenny."

"Nani basi?"

"Ni lile kopo."

Alitabasamu kwanza. Alidhani naanza hadithi. Nikamtajia mpangilio: Mapendo, Sifa, Bahati, Neema, wote mpaka wa kumi na mbili. Tonge likamkaa mkononi.

"Lakini siagi inaponya," akasema. "Ng'ombe wa babu alipona."

"Alikufa."

"Shangazi!"

"Alikufa siku ya nne. Na wawili waliofungwa karibu naye wakakauka maziwa."

"Na padri? Na beseni?"

"Padri alikuja. Alikuja kuchukua nyama."

Héritière akaanza kucheka, akaona uso wa baba yake, akanyamaza. Ildephonse akasukuma samaki kando. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Uliniona nalia kwa ajili ya wale ng'ombe ukanidanganya kwa hadithi."

Nikaondoa sahani yake.

"Nikimwambia Alvin, nimekwisha," akasema.

"Najua."

"Nisipomwambia, Lenny amekwisha."

Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akachukua ufunguo wa gari. Nikavaa koti langu. Akasema nibaki, nikasema siagi ni yangu, nikakaa kwenye gari mpaka akachoka kunifukuza.

Alvin alikuwa kwenye kijiofisi chake kando ya tangi. Ildephonse aliweka kopo mezani akaeleza kwa Kiingereza chake chote. Mimi nilielewa maneno machache, lakini nilielewa mzee alipofungua mfuniko, akanusa, akaufunga haraka. Akauliza alipakaje, hilo nililielewa. Ildephonse akainua kidole kimoja. Akauliza tena. Kidole kilekile.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Anasema mwaka mzima nimefanya kazi kwake na sikuweza kumwuliza swali moja."

Nikamwambia amwambie mzee kwamba kosa ni la mwanamke mwongo. Alikataa kutafsiri.

Kopo lilikwenda Saint Paul ndani ya mfuko wa plastiki, na siku kumi na moja baadaye jibu likarudi: bakteria ya ukoo uleule imekutwa ndani ya siagi. Lenny alibaki kazini na aliagizwa kutovua glavu tena. Watatu kati ya ng'ombe wale walipata nafuu kwa dawa nyingine. Tisa hawakupona, na iliamuliwa wauzwe machinjioni dawa ikishatoka mwilini. Mapendo alikuwa mmoja wao. Ildephonse hakufukuzwa. Aliondolewa kwenye chumba cha kukamulia, akapelekwa kwa ndama, kuwabebea ndoo, na haruhusiwi kugusa kiwele chochote. Nyumbani alinisalimia asubuhi na jioni kama mpangaji.

Siku ya lori aliniomba nimpelekee chakula alichosahau. Héritière ndiye aliyeendesha. Tukakuta dereva amebaki anapiga kelele, ng'ombe wamegoma kupanda. Alvin akatembea mwenyewe mpaka kwa ndama, akamwita. Ildephonse akaweka ndoo chini. Akasimama juu ya ubao wa lori, akaita kwa Kishi, lugha yetu ya Walungu, jina kwa jina, nao wakaja.

Ningependa kusema Mapendo aligeuka akamtazama, na chozi likamtoka la ukubwa wa yai. Hakugeuka. Alipanda akitafuna, akamsukuma Sifa apate nafasi. Ildephonse akafunga lango la lori, akajaribu komeo mara mbili, akarudi kwa ndama waliokuwa wanalia njaa.