Karatasi Zisizo na Majina

Amekufa huko Beni, kwa ugonjwa wa figo, yule mtaalamu wa saikolojia ya kazi ambaye kwa miaka mingi sikutaka hata kumsalimia. Habari ilinifikia Butembo asubuhi, kikombe cha chai mkononi, na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa: sasa sitajua kamwe alimwambia nani siri yangu. Mimi ni mtu wa kushuku, wasomaji wangu mnanijua. Hata muuguzi akinichekea, namtazama mikono kwanza.

Wakati wa vita alikuwa mwanafunzi, akitafuta lisansi, shahada ya chuo kikuu. Alikuja na maswali yake katika kiwanda cha kahawa nilichofanyia kazi: Je, unamwamini mkuu wako? Unaogopa nini kazini? Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na kwetu aliyeuliza swali alikuwa ametumwa tu. Mzee mmoja wa kupakia magunia alimkabili: “Wewe mutoto, ni banani balikutuma?” Akajibu, “Hakuna, papa. Ni ya masomo tu. Jina hapana kuandika.” Wenzangu wakafanya walivyozoea: mzee akasema, wote wakaandika neno lilelile, “Chef iko muzuri.” Mimi peke yangu, kwa hasira ya siku ile, niliandika ukweli: kwamba mkuu huwapa askari majina ya wanaonung'unika, na kwamba wawili wetu hawajarudi nyumbani.

Haikupita wiki, mkuu akasikia kwamba karatasi moja ilikuwa imejaa maandishi. Askari wakamkamata mwanafunzi. Nilikimbilia kijijini Masereka kwa mjomba, nikalima viazi mwezi mzima, kila pikipiki ikinipasua moyo. Hakuna aliyekuja. Kisha nikasikia ameachiliwa, na hapo ndipo nilipomshuku zaidi. Nani alitoka mikononi mwao bila kutoa kitu? Niliporudi, alininyooshea mkono barabarani. Wangu nikautia mfukoni.

Jana nilishuka Beni kilioni, nusu kwa rambirambi, nusu kwa upelelezi. Nikamwuliza dada yake, bila haya, kaka yake aliwapa nini askari.

“Kuwapa? Mais wewe!” akasema. “Yaya, kaka yangu huyu, aliona mwandiko wako. Si ni wewe ulikuwa unaandikaka juu ya magunia? Kila mutu wa usine, wa kiwanda, aliujua, na chef angekutambua. Akatia karatasi zote ndani ya babula, jiko ya makaa, mbele ya mama. Basoda, bale askari, balikuta majivu tu. Balimupiga ile mbaya. Donc kazi ya masomo ikakufa, akaanza upya.”

“Mbona hakuniambia?”

“Alijaribu mara ngapi? Wewe ulikuwa unamukimbia.”

Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki, nikalia mbele ya watu nisiowajua. Sitadanganya: kushuku kuliniweka hai miaka ile, na ningeshuku tena. Lakini waasi waliondoka, mkuu akahama, nami nikaendelea, kwa sababu kumshuku mtu ni rahisi kuliko kumwuliza. Kama yupo unayemshuku na bado anapumua, nenda kamwulize leo. Mimi nimepata jibu langu jeneza likiwa limeshafungwa.