Mkono wa Sweta ya Sista

Sista wa wadi tuliyolazwa na watoto wetu wachanga ana sweta moja ya buluu, na mkono wake wa kulia umelegea hadi unamfunika vidole. Umelegezwa na kazi ya maelezo. Mtoto akizaliwa bila njia ya haja kubwa, yeye huketi kitandani kwa mama, huvuta ule mkono, huziba mwisho wake kwa kidole na kusema polepole, "Utumbo wa chini ulianza hivi, umezibwa. Karibu wiki ya nane, mtoto akiwa bado tumboni, huku mwisho hufunguka. Wa huyu haukufunguka. Daktari atamfungulia." Ukikosea wiki hakuachi, hata madaktari huwasahihisha.

Jumanne alikuja mama mkwe wa Waringa, jirani yangu wa kitanda ambaye mtoto wake alizaliwa hivyo. Mama mkwe huyo ni shosho, bibi mzee anayeuza matumbo ya ng'ombe sokoni Dagoretti. "Nimeosha matumbo miaka thelathini," akasema mbele yetu sote, "na sijawahi ona hata moja imefungwa. Huyu msichana alikula kitu." Waringa akageukia ukuta. Sista alivua sweta, akamvalisha shosho, akauvuta mkono, akauziba. "Wiki ya nane, shosho. Hata kliniki alikuwa hajaanza. Hakuna kitu mama anakula inaweza kufunga hapa." Shosho akauziba tena mwenyewe kwa kidole chake.

Kesho yake nilimsikia shosho akimweleza dada yake, amevuta mkono wa sweta yake mwenyewe. "Ni wiki ya ishirini," alisema kwa uhakika, "na si makosa ya Waringa." Sista alikuwa amesimama nyuma yake. Alifungua mdomo, kisha akaufunga.