Efrazia na Mikia ya Kanda

Kwa miaka mitatu Efrazia alitafuta mtu mmoja tu. Si mchumba, maana wachumba walikuwepo, na mmoja alikuwa na pikipiki. Alitafuta mtu, kuanzia Korogwe mpaka mwisho wa Handeni, ambaye angesikiliza magitaa yake mpaka wimbo uishe bila kuuliza redio imepatwa na nini.

Mimi sikuwa mtu huyo. Naitwa Agripina, nilikuwa nauza chai na maandazi ubavuni mwa kibanda cha Mzee Simeo, karibu na stendi ya Korogwe, na masikio yangu yalikuwa mazima. Siku ya kwanza kusikia muziki ule nilifikiri deki ya kaseti inaungua, nikakimbilia swichi ya umeme.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mitumba ilikuwa imemwagwa kila kona, na kila mtu aliyekuwa na meza alikuwa na biashara. Mzee Simeo aliacha ukarani kwenye mashamba ya mkonge ya Ngombezi, akanunua deki mbili za kaseti na spika, akaandika ubaoni: TUNAREKODI KILA AINA. Kila aina yenyewe ilikuwa dansi, taarabu na kwaya. Efrazia ndiye aliyekuwa fundi wake. Alishuka kutoka Vugiri akiwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mwenye maneno mengi, na katika wiki mbili alikuwa anajua kufungua kaseti, kuunga utepe uliokatika na kuifunga tena kabla chai yake haijapoa.

Ile kanda ya magitaa aliipata mfukoni mwa koti. Alinunua koti la mtumba ampelekee mama yake kwa ajili ya baridi ya Vugiri, akapekua mifuko, akakuta kaseti. Ilikuwa imefuliwa pamoja na koti, jina limefutika lote. Akaiweka kwenye deki kwa udadisi tu. Aliniambia kwamba wimbo wa pili ulimkuta amekaa sakafuni, na hakumbuki alikaaje.

Kwa kuwa jina halikuwepo, akawaita Wale Wanne. Alikuwa amewahesabu kwa sikio: magitaa mawili, besi, ngoma. Nyimbo nazo akazibatiza mwenyewe. Alioupenda kuliko zote aliuita Mlango, kwa sababu alisikia ndani yake mtu anayepiga mlango mateke akitaka kuingia.

"Agripina, sikia!" alikuwa akiniambia, ananishika mkono na chai inamwagika. "Gita la dansi linabembeleza. Hili linagomba! Mtu akigomba hivi ujue ana jambo la kweli."

"Ana jino linamuuma," nilimjibu.

Hakukasirika. Alikuwa na furaha nayo mno hata kukasirika hakupata nafasi. Baadaye utingo wa lori akamletea kanda nyingine kutoka Tanga, sauti zile zile, Wale Wanne wenyewe. Siku hiyo alirukaruka mpaka kibanda kikatikisika. Akaisikiliza mara mbili, kisha akanuna mpaka jioni.

"Wameshiba," akasema.

"Nani kashiba?"

"Wale Wanne! Husikii ngoma? Zimeoshwa, zikapigwa pasi. Ile ya kwanza waliirekodi na njaa yao. Gita linakwaruza, mwimbaji anakosea na wenzake wanamwacha akosee. Hii wameirekodi wamekaa kwenye makochi." Akafikiri kidogo, maana hakupenda kumwonea mtu. "Wimbo wa tano tu. Pale walisahau kwamba siku hizi wana pesa."

Na tamasha je? Hakuwahi kuona hata moja, lakini maoni alikuwa nayo. Nilikuwa nafungia maandazi kwa kurasa za majarida ya Kizungu, na siku moja ukurasa ukamwangukia mikononi wenye picha ya watu elfu nyingi mbele ya jukwaa, mikono juu. Andazi akampa mpita njia. Ukurasa akaubandika ukutani, akawa anausoma kila siku kama ratiba.

"Hebu angalia! Hakuna kiti hata kimoja. Hakuna meza ya soda. Na tafuta popote pale, hakuna mgeni rasmi!" Alicheka kwa furaha. "Shoo isiyo na mgeni rasmi, Agripina. Watu wameufuata muziki tu."

Alivyokuwa akisema hayo nilimwonea huruma, nakiri. Unapenda kitu namna hiyo, halafu huna wa kumwambia isipokuwa muuza maandazi anayekudhihaki. Hata kubishana hakuwa na mtu wa kubishana naye, maana mimi sikuijua tofauti ya wimbo wa tano na wa sita.

Ndipo akaanza mambo ya mikia.

Kwenye kazi ya kurekodi kuna desturi moja. Nyimbo alizochagua mteja zikiisha na kanda haijaisha, zile dakika tatu nne zinazobaki huziachi kimya. Ukiziacha, mteja atarudi kusema ameibiwa. Kwa hiyo fundi anajaza chochote, kwa kawaida wimbo wa kwanza tena, mpaka utepe uishe wenyewe na kumkata mwimbaji katikati ya neno. Huo ndio mkia. Hakuna anayeuagiza na hakuna anayeulalamikia.

Efrazia akaanza kujaza mikia yote kwa Wale Wanne.

"Una wazimu?" nilimwuliza.

"Kanda zinakwenda kila mahali. Mazinde, Mombo, Mkata, minadani huko Handeni. Mmoja tu akipenda, atarudi kuuliza."

Waliorudi walikuwa wengine. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Ngombezi aliyekuwa amesinzia na taarabu yake, akaamshwa na ngoma za Wale Wanne, akaanguka kutoka kitini. Wa pili alikuwa kinyozi, alimkata mteja sikio. Mzee Simeo alimsikiliza kila mmoja, akaomba radhi, akarekodi upya bure. Kisha akamsimamisha Efrazia mbele ya kibanda.

"Mimi sikatazi mtu kupenda anachopenda," alisema. "Lakini akija mlalamikaji mwingine, hicho kikanda chako nitakifuta. Akija mwingine baada ya huyo, utanirudishia ufunguo, upande Vugiri ukalime kabichi."

Efrazia aliitikia kwa adabu. Akaacha kujaza mikia tangu siku hiyo. Ila zile zilizokwisha kutoka zilikuwa zimetoka, na huwezi kuzifuata.

Moja ilikuwa imepanda Vugiri. Ilikuwa kanda ya kwaya, na aliyeinunua alikuwa Hilaria, kiongozi wa kwaya ya usharika, shangazi yake Efrazia wa damu. Siku ya mavuno waliipiga kanisani watu wakitoa mahindi na kuku. Foleni ikawa ndefu kuliko nyimbo. Mchungaji akainua mikono kubariki, watu wakainamisha vichwa, na Wale Wanne wakaingia kwa kishindo, spika mbili, sauti ya mwisho. Kuku wakatawanyika kanisa zima.

"Shikamoo, shangazi," Efrazia alisema alipomwona akishuka kwenye gari na mkoba kifuani.

"Marahaba. Nipe kanda safi, mwanangu, isiyo na mashetani. Gari la kurudi linaondoka saa tisa."

Mzee Simeo akapekua boksi la kanda tupu. Zilikuwa zimeisha. Akanyoosha mkono, akachukua ile iliyokuwa juu ya deki, ile ya mfukoni mwa koti.

"Hii ya Ulaya," akasema. "Kwaya itatoka vizuri."

Hakuwa mtu mbaya, Simeo. Alikuwa ametoa neno, na neno lake alilishika. Efrazia hakubisha. Akachukua selotepu, akaziba vile vitundu viwili vya juu vinavyozuia kanda isirekodiwe tena, akabonyeza kitufe yeye mwenyewe. Kisha akakaa akiangalia utepe ukizunguka, upande wa kwanza, upande wa pili, na kila mzunguko unafuta kitu alichokijua kwa moyo. Nakala hakuwa nayo, kwa sababu Simeo hakuruhusu kanda zake tupu zitumike kwa mambo ya nyumbani. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, mimi niliyekuwa nauchukia muziki ule, nikasingizia moshi wa jiko.

Wiki tatu zikapita. Efrazia alifanya kazi vizuri, akasalimia wateja, akajaza mikia kwa wimbo wa kwanza kama desturi inavyotaka. Hakunishika mkono hata siku moja. Chai yangu haikumwagika, na nilitamani imwagike.

Halafu asubuhi ya Jumamosi akaja mtu na kaseti mkononi.

Alikuwa Mmasai wa makamo kidogo, shuka nyekundu, vumbi mpaka magotini. Alisema anaitwa Saning'o, anachunga nyikani upande wa Kwamsisi. Ametoka jana kwa baiskeli mpaka Mkata, akaiacha kwa rafiki, akapanda lori la mkaa. Kanda ya dansi aliinunua mnadani, na muuzaji akamwambia imerekodiwa kibanda hiki.

"Nimekuja kulalamika," alisema.

Mzee Simeo hakuuliza zaidi. Aligeuka, akamnyooshea Efrazia kiganja. Efrazia akaufungua ufunguo kwenye kamba ya shingoni, akamkabidhi. Mimi nikaacha maandazi yaungue.

"Pole sana, kaka," Simeo alianza. "Kelele zile za mwisho ni makosa ya kijana wetu, tutakurekodia—"

"Kelele zipi?" Saning'o akamkatiza. "Mmenikatia wimbo! Ngoma zinanyamaza, linabaki gita moja, linapanda, linapanda, halafu tap! Kanda imeisha. Mwezi wa pili huu nailaza na kuiamsha, betri zimekwisha, haiendelei. Mimi nataka kujua, yule ng'ombe alirudi au hakurudi?"

Efrazia alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ng'ombe gani?" akasema mwishowe, sauti ikimtoka nyembamba. "Pale hakuna ng'ombe. Pale ni mlango."

"Mlango unalia hivyo? Yule ni ng'ombe amepotezana na ndama. Usinifundishe ng'ombe, dada."

"Ni mlango, kaka! Mtu anataka kuingia!"

"Basi tuwekee tusikie."

Hapo uso wake ukabadilika. Akamweleza kwamba kanda haipo tena, imefutwa, iko Vugiri na nyimbo za mavuno. Saning'o akatazama chini, akatazama barabara aliyotoka. Niliona bega lake likishuka. Nilitaka kumchukua Simeo nimtie kwenye mafuta ya maandazi.

Efrazia akavuta pumzi, akapiga mguu chini. Du, ka, du-du, ka. Akaanza kuimba gita. Kwa mdomo! Graa, graa, grrraaa, macho yamefumbwa, mkono mmoja unakata hewa, katikati ya stendi ya Korogwe mchana kweupe. Alianza mbali, kabla ya pale palipokatika, na kila kitu kilikuwa mahali pake, hata yale makosa ya mwimbaji. Kumbe hakuna kilichofutwa. Ilipofika zamu ya besi akakosa, maana mdomo ulikuwa mmoja na magitaa mawili. Saning'o alikuwa amekwisha kuanza. Alivuta sauti kutoka chini kabisa ya koo, ule mvumo wanaoimba kwao, hmm-hho, hmm-hho, ukaingia chini ya gita la Efrazia na kulibeba. Watu wakaacha mizigo. Utingo mmoja akapiga bati la basi, na wallahi alipiga sawasawa. Nikajikuta nimesimama na kijiko cha maandazi hewani, nacheza, mimi Agripina!

Ngoma zikanyamaza. Gita likabaki moja, likapanda, likapanda, na Efrazia akavuka pale pa tap, akaingia kule ambako Saning'o hakuwahi kufika. Likazunguka mara tatu, likashuka polepole, likalala.

Watu walipiga makofi. Kijana mmoja akamwuliza Mzee Simeo kanda hiyo inapatikana lini. Simeo alimtazama kijana, akautazama ufunguo, akautundika kwenye msumari wa mlangoni, Efrazia aukute.

Efrazia hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa anamtazama Saning'o, jasho linamtiririka, anasubiri. Saning'o aliegemeza kidevu juu ya fimbo.

"Ni wimbo mkubwa," akasema. "Lakini mwisho wenyewe haufai. Wamechoka. Pale mlipoukata ndipo penye utamu."

Efrazia alishtuka kama aliyetukaniwa mama. Kisha uso wake wote ukafunguka, nami sijapata kumwona mtu amefurahi namna ile kabla wala baada.

"Hujaelewa kitu, kaka," akasema, akivuta kigoda changu cha wateja. "Hujaelewa kitu kabisa. Kaa hapa."